Kisanduku cha Joto Nilichokibadilisha kwa Mkono Wangu Mwenyewe

Mheshimiwa Mwenye Nyumba,
Ghorofa ya juu kabisa, mlango wenye zulia.

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na hewa ya kutosha. Sisi wa ghorofa ya pili hatujambo, ila roho zetu tu. Mimi si mtu wa kulalamika. Mke wangu ndiye, na mama yake humsaidia. Lakini safari hii maji yamenifika shingoni.

Utakumbuka kwamba siku uliyotukabidhi funguo ulituonyesha ile themostati ya ukutani sebuleni, ukatuambia: "Mashine ya joto na baridi iko juu ya paa, lakini amri iko mikononi mwenu. Mkitaka joto, zungusheni huku. Mkitaka baridi, zungusheni kule." Tukakushukuru. Tangu hapo hatukupata amani. Mke wangu hushinda mbele ya tanuri la mikate kazini, akirudi anataka baridi. Mama mkwe, tunayeishi naye, huvaa soksi hata akiwa anapiga pasi. Huyu akizungusha huku, yule anazungusha kule, na mimi katikati nasoma gazeti, ndiyo maana mama mkwe aliniita Bwana Gazeti.

Mwezi uliopita kitufe cha kuzungushia kilimng'okea mama mkwe mkononi. Nikaamua kubadilisha themostati nzima mwenyewe. Muuza vifaa alinihakikishia: "Hii hata mtoto anafunga, bosi. Nyaya nne tu, kila mmoja na rangi yake." Nikazima umeme kwenye swichi kuu. Keki ya mke wangu ikalala ndani ya oveni, nikaambiwa maneno ambayo siwezi kumwandikia mtu wa heshima zako. Nikafungua skrubu mbili, nikatoa kisanduku. Nyaya nne sikuziona. Hata waya mmoja sikuuona. Nyuma yake palikuwa na plasta tupu na mjusi, ambaye alinitazama kama mpangaji aliyetangulia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hukutuheshimu. Silalamiki kwamba ulitudanganya. Kudanganywa na mwenye nyumba ni sehemu ya upangaji, kama kelele za mabomba. Nalalamika kwamba ulitudanganya kwa kitu hafifu, plastiki ya manjano isiyo hata na taa. Mtu mzima anapodanganywa, angalau apewe skrini.

2. Tumegombana bure. Kuna wiki nzima mke wangu na mama yake hawakusemeshana, wakanifanya tarishi. "Mwambie mwenzio asiguse." "Mwambie mama yako hapa si chumba cha mvuke." Shemeji yangu alikuja kusuluhisha, akaondoka amenuniwa na wote wawili. Kumbe tulikuwa tunamgombania mjusi.

3. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Themostati mpya niliifunga palepale kwenye plasta. Ningefanyaje? Umeme nimeshazima, keki imeshalala, familia imesimama mlangoni inanitazama. Bahati nzuri inatumia betri. Skrini ikawaka rangi ya buluu. Mama mkwe akakaa kwenye kochi, akavua soksi. "Sikia joto linavyoingia! Mwanangu, kumbe wewe ni fundi!" Wakati huohuo mke wangu, kwenye kochi lilelile, akaacha kujipepea: "Angalau sasa kuna kaubaridi." Tangu siku hiyo wanaongea. Wanacheka. Chai naletewa bila kuomba. Mheshimiwa, nikisema ukweli, nitarudi kuwa Bwana Gazeti kabla hiyo chai haijapoa.

4. Sifa zimenizidi nguvu. Fundi cherehani wa chini alikuja na themostati mpya aliyoinunua, nikamfungia, akasema mkono wangu una baraka. Nesi wa jirani naye nikamfungia, akasema sasa analala kama mtoto. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyetia shaka. Alining'iniza kipimajoto karibu na skrini mpya, akaongeza joto, tukasubiri kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kipimajoto hakikusogea. Mwalimu alikitazama, akakitikisa, akakitazama tena. Kisha akakitupa. Alisema kimeharibika.

5. Sina tena kitu cha kuamini. Kile kitufe cha lifti cha kufunga mlango? Lile sanduku la maoni pale chini? Nimeanza kuitilia shaka hata Kamati ya Wapangaji, na mimi ndiye katibu wake.

Kwa sababu hizo nakuomba kwa unyenyekevu usiunganishe nyaya. Ndiyo, umesoma vizuri: usiunganishe kamwe. Watu waliochukiana kiasi hiki kwa kisanduku kitupu, ukiwapa cha kweli watatoana macho. Fundi yeyote mwenye cheti azuiwe getini. Itungwe sheria ya jengo kwamba kufungua kifuniko cha themostati ni kosa la kuhamishwa, na anayeuliza maswali kuhusu nyaya ahesabiwe kuwa amekifungua kwa nia. Mimi nipewe cheo, Mdhibiti Mkuu wa Hewa, na ngazi ya kukunja. Na kwa kuwa bila shaka wewe huko juu ndiye mwenye themostati ya kweli, tupatane ishara: nikigonga bomba, ongeza joto kidogo, nikigonga tena, punguza. Siku akija mtu mwenye shaka kuliko Mwalimu, tusiaibike wote wawili. Uongo ni wako, mheshimiwa, lakini anayeutunza ni mimi.

Nisalimie watoto, mlinzi wa getini, mfagiaji wa ngazi, na kila anayepata joto au baridi kwa hisani yako.

Wako katika hali zote za hewa,
Mpangaji wa ghorofa ya pili, mlango wa kushoto.

Nyongeza: Nilipopanda kuileta barua hii nimemkuta mkeo, mama mwenye nyumba, mlangoni. Amesikia habari zangu kwa fundi cherehani, akanipa mpya aliyokununulia, akaniomba nibadilishe na ya kwenu kabla hujarudi, iwe zawadi yako. Nimeifungua. Mheshimiwa, hata yako haina waya. Mama anasema kila asubuhi unaizungusha kabla ya kutoka, ukisema, "Ngoja niwapunguzie wapangaji," na kwamba aliyewauzia jengo ndiye aliyekufundisha namba za joto tunazozipenda sisi wapangaji. Sikumwambia kitu. Nimekufungia mpya, yenye skrini, na mama amesema hewa sasa imekaa sawa. Barua nakuachia juu ya meza. Ukishaisoma, nakuomba unisaidie jambo moja tu: jina la mtu niliyepaswa kumwandikia.