Makaroni, Baba Yetu Kumi na Sita

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Daftari langu, salamu nyingi. Hujambo? Kurasa zako zi salama? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, ila jino la nyuma. Na jino lenyewe limeniletea baraka!

Mpishi mkuu wa chuo chetu cha ualimu anastaafu mwisho wa mwezi. Tunaofaa kushika nafasi yake ni wawili: mimi na wifi yangu, dada yake baba watoto. Mkuu wa chuo kakatazwa nyama na daktari. Kwa hiyo kaamua: Ijumaa kila mmoja wetu ampikie chakula cha mchana kisicho na nyama, naye atachagua. Miaka kumi na tisa nakatakata vitunguu kwa amri ya wengine. Sasa basi!

Leo kwa daktari wa meno, nikisubiri zamu, nikafungua gazeti la picha. Ukurasa mzima! Maharage meupe kwa mtindo wa Kiitaliano: spinachi, nyanya, kitunguu saumu, makaroni mafupi, mafuta ya zeituni juu. Nikauchana. Nilikohoa kwa nguvu ili karani asisikie. Akaniletea maji, maskini. Nimetubu papo hapo. Ukurasa nimeuficha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimejaribu nyumbani. Ushindi!

Gazeti linasema makaroni dakika nane. Mimi saa jikoni ya nini? Napima kwa sala tangu usichana wangu. Yai la kuchemsha, Baba Yetu ishirini. Makaroni nimeyakadiria kumi na sita, polepole, bila kumeza maneno. Yametoka sawasawa. Huwezi kuyapata hayo kwenye saa.

Baba watoto kafuta sahani kwa mkate. Kisha kaharibu. Eti nimfundishe na dada yake, maskini hajui mambo ya Kiitaliano, na sisi ni watu wa nyumba moja. Nikamwambia nitamfundisha kwa moyo mweupe kabisa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimemfundisha. Kila kitu juu chini!

Nimemwambia asiloweke maharage, yanafifia ladha. Chumvi atie mwanzo, tena nyingi. Spinachi itangulie, ichemke saa nzima hadi ikome ubishi. Makaroni asiyahangaikie, aende zake akapige gumzo, atayakuta tayari.

Wifi akanitazama kama mtu anayepimishwa kiatu cha mtumba. Akasema, “Haya wifi yangu, Mungu akuzidishie.” Akaandika yote, na mbele ya kila neno akaweka alama ya mkasi. Nikamhurumia. Shule hakufika mbali, kama mimi tu.

Nimeyaloweka yangu. Nimelala kama malaika.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Daftari, kaa chini kwanza.

Maharage yangu yaliiva laini kama siagi. Kitunguu saumu kilinukia hadi kwenye madarasa. Nikatia makaroni, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu. Nilipofika Baba Yetu ya tisa, moyo ukanichoma: kila siku naomba, kushukuru je? Nikaacha hesabu, nikashukuru kwa cheo. Nikashukuru kwa aproni mpya ya mpishi mkuu, yenye mifuko miwili. Nikamwombea na wifi, aibu yake iwe fupi.

Nilipofumbua macho, mwiko ulikuwa umesimama peke yake katikati ya sufuria. Gundi! Ya kubandikia matangazo!

Mkuu wa chuo alionja, akaomba maji, akauliza kwa adabu kama hii ni ya kula au ya kupaka.

Ikaja sahani ya wifi. Maharage mazima mazima, spinachi mbichi ya kijani, mafuta yanametameta. Mkuu alikula sahani mbili. Akamuuliza kajifunza wapi. Wifi akaninyooshea kidole: ni huyu wifi yangu, nilifanya kinyume cha kila alichoniambia! Mwosha vyombo alicheka hadi akakaa sakafuni.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Wifi ndiye mpishi mkuu. Mimi nimerudi kwenye vitunguu. Machozi haya ni ya vitunguu.

Jioni kaja nyumbani na kifurushi. Kasema bila kuficha: wifi, maharage yako yaliyashinda yangu, kilichokuponza ni makaroni. Kaniletea saa ndogo ya jikoni, ile ya kengele. Nimempa mkono, nimemshukuru, nimeiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku.

Kisha nimekaa nikatafakari, na nimeona ukweli. Sahani mbili! Nani kamfikisha pale? Kama nisingemdanganya kwa ufundi, neno kwa neno, bila kukosea hata moja, angejua afanye kinyume cha nini? Yule mshindi ni kazi ya mikono yangu. Hata baba watoto nimemweleza. Kajifunika shuka hadi kichwani. Bila shaka kakubali.

Wifi keshaniambia atahitaji msaidizi wa kwanza. Hiyo nafasi siwezi kuikosa. Jumatatu narudi kwa daktari wa meno. Jino limepona, lakini gazeti lile lilikuwa na ukurasa wa pili wa mapishi, na kikohozi bado ninacho.

Wewe waonaje, daftari langu? Tafadhali unijibu mapema.