Walikuwa Wazee Kumi na Wawili, Wakabaki Saba

Jumatatu, 8 Septemba

Tangazo ubaoni! Sijakaa chini tangu saa nne. Nafasi moja ya mafunzo kwa vitendo ng'ambo, mwaka mzima, kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa seminari yetu ya Kilutheri. Mahali: Nyumba ya Amani. Bila shaka hoteli ya wachungaji, yenye bustani na supu ya kuanzia. Nani mwingine wa kwenda? Ni mimi peke yangu chuoni niliyewahi kupanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na moja na kushuka nikiwa na akili zangu.

Kikwazo ni Kamusi, mwenzangu wa chumbani. Tunamwita hivyo kwa sababu anaingia na kitabu cha Kigiriki mpaka bafuni. Naye anaomba! Nimecheka mpaka kitanda kikalalamika. Kijana mpole, hajui kujinadi.

Nimempigia mama, nikamwonya asimwambie mtu. Kufika jioni mjomba kanipongeza. Kisha fundi wa magodoro. Kisha mtu nisiyemjua kabisa, ameniagiza viatu namba arobaini na tatu. Sasa siwezi kukosa. Nikikosa, mama atapitia mlango gani kanisani?

Jumanne, 9 Septemba

Nimejaza fomu. Kule wametutafsiria kwa Kiswahili, wastaarabu. Swali la saba ndilo lenye maksi: “Eleza uzoefu wako wa kufanya kazi na wazee.”

Nimeruka juu! Mwaka jana nilikuwa usharikani miezi kumi, nikakaa na baraza la wazee wa kanisa kila Jumamosi. Kusema kweli niliandika mihtasari na kuchemsha chai. Lakini ng'ambo hawataki mchemsha chai, wanataka kiongozi. Nikaandika:

“Niliwakuta wazee kumi na wawili, wengi wakisinzia. Niliwaamsha kwa kupiga meza. Aliyenibishia nilimfungia nje, mvua ikinyesha. Wawili waliokaa muda mrefu mno niliwaondoa, na watu wakashangilia. Hadi naondoka walibaki saba, wote watiifu.”

Nikasoma mara mbili. Nikatamani kujiajiri mwenyewe.

Kamusi kajaza mistari miwili: alimuuguza bibi yake miaka minne, kumwogesha na kumlisha. Basi. Nikamhurumia. Nikamwambia ndugu yangu, bibi yako anahusiana nini na baraza? Tia chumvi hata ya kijiko. Kanishukuru, akarudi kwenye Kigiriki chake.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepeleka fomu kwa katibu muhtasi. Kasoma swali la saba. Kavua miwani. Kaifuta, kaivaa, kasoma tena. Kisha kauliza taratibu kama nina hakika nataka haya yatumwe. Nikamwambia dada, ningeandika zaidi ila nafasi iliisha. Kaipokea kwa ncha za vidole. Wivu ni ugonjwa mbaya, hata kwa watu wa ofisini.

Jumatatu, 15 Septemba

Usaili kwa kompyuta! Nyuso tatu kwenye kioo. Aliyeuliza ni mama mchungaji aliyewahi kufanya kazi kwetu miaka mingi. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mjomba.

Kaniuliza wale wawili niliowaondoa wako wapi sasa. Nikajibu mmoja ananisalimia kwa shida, wa pili tangu siku ile hajaonekana. Kauliza kama familia zao zililalamika. Nikasema walalamike nini, wenyewe walikuwa wamewachoka! Kauliza habari za chakula. Nikajigamba kwamba chai niliwanyima mpaka wakubaliane nami.

Mama mchungaji kaziba mdomo kwa mikono miwili. Mmoja wa wale wengine kainuka, katoka. Mwisho kauliza ningefanya nini pale kwao. Nikasema mama, nipe wiki mbili, nitapunguza nusu.

Kioo kikazimika. Mtandao, nadhani. Au machozi ya furaha.

Jumanne, 16 Septemba

Mungu wangu! Naandika kama kuku anaparua.

Mkuu wa chuo kaniita. Ni mzee wa miaka sitini na tisa. Nilipoketi, kasogeza kiti chake nyuma, kaweka meza katikati yetu. Kanisomea barua pepe. Eti nisikaribishwe karibu na mzee yeyote, popote. Eti chuo kieleze kama polisi wanajua.

Polisi! Kaniuliza Nyumba ya Amani nadhani ni nini. Hoteli ya wachungaji, mkuu, nikasema. Kaniambia ni makao ya wazee. Nikasema naam, wazee wa kanisa. Kagonga meza: “Wazee, bwana! Vikongwe! Wa magongo na meno ya glasini!”

Nimekufa. Nimezikwa. Niliandika kwamba nilifungia kikongwe nje kwenye mvua!

Nikaeleza ni wazee wa baraza, si vikongwe. Akashusha pumzi. Halafu kakunja uso upya: kumbe mwanafunzi wa mafunzo alifukuza wazee wa baraza waliochaguliwa na usharika? Kwa mamlaka ya nani?

Hapo nikaona nimebanwa pande zote. Nikisema kweli niliwafukuza, nafukuzwa. Nikisema sikuwafukuza, nimedanganya kwenye fomu, nafukuzwa. Kikao kesho saa tatu, kuamua kama nibaki seminari. Mama bado anapokea pongezi.

Jumatano, 17 Septemba

Mpango: kukohoa. Mkuu alisema atampigia mwenyekiti wa wazee wa usharika ule, sauti ikiwa wazi, walimu wote wasikie. Mimi nikohoe, mzee aelewe anitetee.

Nimekohoa kama trekta. Mzee kauliza nani anaumwa hapo. Kasomewa nilichoandika. Kicheko! Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Kasema yule mwanangu? Yule wa chai? Huyo hajawahi kumwondoa hata nzi. Wawili walimaliza muda wao, watatu walihama. Na chai yenyewe ilikuwa maji ya kunawia.

Nimedhalilika mbele ya walimu sita! Mwalimu wa Kiebrania alikuwa anafuta macho. Lakini mzee kaongeza kwamba yeye haoni vizuri, na kila Jumamosi nilimshika mkono mpaka mlangoni kwake, iwe mvua iwe jua, nikimsimulia uongo njia nzima. Kauliza nitarudi lini, njia sasa imekuwa ndefu.

Hilo sikuliandika kwenye fomu. Lingenisaidia nini? Kumshika mtu mkono si uzoefu.

Hukumu: nabaki chuoni. Niandike barua ya kuomba radhi kwa mama mchungaji, kurasa mbili, bila kujisifu. Nimeandika mara tano. Katibu muhtasi kairudisha mara nne.

Ijumaa, 19 Septemba

Kamusi kachaguliwa. Mistari miwili! Bibi wa kuogeshwa! Nimeduwaa mpaka chakula kikapoa.

Usiku kucha hakulala, kumbe hana hata koti la baridi. Mjomba, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amenishonea moja, lina vifungo kama visahani. Nikampa. Nikamwambia kwangu linabana kifua. Akalia, mjinga yule. Nikatoka nje kuangalia ukuta.

Mama nimemwambia nimemwachia mwenzangu nafasi kwa upendo wa Kikristo. Kesho litatangazwa kwaya ikifanya mazoezi.

Jumatatu, 22 Septemba

Tangazo jipya! Miezi sita, ng'ambo, shamba la kanisa. Linahitaji kijana mwenye uzoefu wa kuchunga kondoo.

Safari hii nimesoma kila neno mara tatu, maana mimi si mtu wa kurudia kosa. Shamba la Bwana, nani asiyelijua? Kamusi kaanza kusema kitu, nikamnyamazisha. Fomu nimeshaipeleka. Nimeandika nimechunga kondoo mia tatu kwa miezi kumi, wengi wao wenye ndoa, wachache wanaoimba sauti ya pili, na waliopotea niliwafuata mpaka baa.