Ng'ombe wa Kilimani

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji yuko gazetini! Kaka wa mke wangu, yule mchoraji. Picha zake za mandhari zitapigwa mnada Jumamosi: milima, mabonde, ziwa, mawingu mengi. Mke wangu amesoma habari hiyo kwa sauti hadi mwisho, kisha akaanza upya. Mimi je? Nani ameandika kwamba mabango yote ya mtaa huu nimechora mimi? Saluni, duka la dawa, fundi viatu, muuza samaki, na bucha zote. Zote! Watu wanakula nyama kwa sababu ya ng'ombe wangu.

Wazo limenijia wakati wa chai. Juu ya kabati letu la sebuleni ipo picha ya shemeji. Ndogo. Kilima cha nyuma ya nyumba ya wazazi wao, basi. Alimpa dada yake wiki waliyomzika baba yao. Mke wangu huifuta vumbi kwa mkono wake. Mimi siruhusiwi hata kuinyoosha. Nimemuuliza, kwa utani tu, kama angekubali kuiuza. Amesema angeniuza mimi kwanza. Kisha akauliza nani angeninunua, akacheka mpaka chai ikampalia.

Lakini mimi nahitaji kibanda cha kazi. Nachorea barazani, kuku wanakanyaga herufi kabla hazijakauka. Akiba ya kibanda anaishika mke wangu, na inakua kwa mwendo wa kinyonga.

Jumanne, 4 Machi

Mchwa! Nimemwambia mke wangu kwamba mchwa wameingia kwenye fremu, na lazima niishushe picha niipake dawa. Ameshtuka, akanishukuru kwa kuwahi kugundua. Ameniamini moja kwa moja. Ilinichoma kidogo, lakini nilikuwa na haraka.

Nimeipeleka picha kwa dalali wa mnada. Ameigeuza, ameona sahihi ya shemeji, macho yamemtoka. Ataipokea, niilete Ijumaa ikiwa safi. Akauliza mwenyewe ni nani. Nikajibu ni mpenzi wa sanaa asiyependa makuu. Akazitazama kucha zangu, zimejaa rangi nyekundu.

Picha nimeificha barazani, chini ya bango la fundi viatu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ukumbi wa mnada, leo ilikuwa siku ya watu kutazama picha. Shemeji alikuwepo, shati jeupe, anapewa mikono. Amenitambulisha kwa watu kwamba mimi pia nashika brashi. PIA!

Lakini sikwenda bure. Mama mmoja tajiri alisimama mbele ya picha ya bonde muda mrefu, akamwambia mwenzake kwamba ni nzuri ila mbona hakuna kitu ndani, hata kuku. Nikapata jibu la swali lililonisumbua miaka mingi. Shemeji ana kipaji, sikatai. Anachora majani hadi unataka kuyagusa. Lakini anamaliza kiwanja halafu anasahau kuweka mwenyeji!

Alhamisi, 6 Machi

Nimemweka ng'ombe.

Nilikusudia awe mdogo, mbali, nusu yake nyuma ya jani. Mkono haukutaka. Mkono wangu una ng'ombe mmoja tu: anasimama ubavu, kichwa kushoto, jicho kubwa, anatabasamu. Mgongo wake umelingana na kilele cha kilima. Sijui ilikuwaje. Nilipozinduka mkono ulikuwa umeshaanza kumgawa paja kwa mstari, kama kwenye bango la bucha. Nikauficha mstari kwa baka jeusi.

Nimetumia rangi ya mabango, ile ya kung'aa. Anaonekana vizuri hata kutoka barabarani. Nimeridhika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekabidhi picha. Dalali hayupo, msaidizi wake kaipokea bila hata kufungua gazeti nililoifungia. Hapo mambo yalikuwa mazuri.

Narudi nyumbani namkuta mama mkwe kwenye kiti changu. Amekuja kwa ajili ya mnada wa mwanawe. Ameniuliza picha ya kilima iko wapi. Nikasema mchwa. Akauliza mchwa gani wanakula fremu wanaacha kabati. Mke wangu akanitetea! Akasema nahangaika nayo usiku na mchana. Kisha akasema kesho tutakwenda mnadani wote watatu.

Tumbo limeanza kuniuma papo hapo. Hakuna aliyejali. Mama mkwe amesema nitaugulia kulekule.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya balaa. Naandika nikiwa barazani, mlango wa ndani umefungwa.

Ukumbi ulijaa. Picha za shemeji zilikwenda moja baada ya nyingine, mikono juu, nyundo inagonga, mama mkwe anapiga vigelegele mpaka dalali akamwomba apunguze. Ni ziwa tu lililokosa mnunuzi. Nikaanza kuamini kwamba yangu imesahaulika. Nikashusha pumzi.

Ndipo dalali akatangaza nyongeza: kazi adimu ya mchoraji huyuhuyu, kutoka kwa mpenzi wa sanaa asiyependa makuu. Akaondoa gazeti.

Kikazuka kicheko, kuanzia viti vya nyuma. Kila mtu anamjua yule ng'ombe! Wanamwona kila wanapokwenda kununua nyama. Mwenye bucha ya kona, ambaye alikuja kwa sababu viti ni vya bure, akasimama akipiga kelele kwamba huyo ni ng'ombe wake.

Dalali, jasho linamtoka, akamuuliza shemeji kama kazi ni yake. Shemeji akainuka taratibu. Akasema kilima ni chake. Ng'ombe ni wa shemeji yake.

Mke wangu akageuka. Alinitazama tu, na niliona anapanga mchwa, dawa na shukrani zake zote mahali pake. Niliona aibu, tena ya kweli, masikio yalinichemka.

Mwenye bucha akanyoosha mkono. Anamtaka ng'ombe kwa ajili ya dukani. Mke wangu akanyoosha wake, bila kuniondolea macho. Mwenye bucha akapandisha bei. Mke wangu akapandisha. Nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka kwamba bei inapanda na muuzaji ni mimi, nikapata nguvu kidogo.

Alishinda yeye. Amelipa kwa akiba ya kibanda. Yaani mke wangu amenunua picha yake mwenyewe, kutoka kwangu, kwa pesa yangu, na dalali akakata kamisheni yake katikati. Kilichobaki mke wangu alikipokea yeye, kwa sababu nilipoenda kukichukua nilikuta keshafika.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala barazani na kuku.

Asubuhi shemeji alikuja na chupa ya dawa na vitambaa, amfute ng'ombe. Mama mkwe akamzuia. Aliisogelea picha, akamshika ng'ombe kwa kidole. Akasema miaka yote alikuwa anajiuliza ng'ombe wake yuko wapi kwenye kilima hiki. Yule ambaye baba yao alimuuza ili mwanawe akasomee uchoraji. Wa kwao alikuwa na pembe moja iliyovunjika, akasema, wala hakuwahi kumchekea mtu. Lakini alisimama hapohapo.

Shemeji alikaa chini. Akasema alijaribu kumchora mara nyingi, akashindwa kila mara. Mke wangu akaanza kulia, shemeji naye, nikaona na mimi nilie. Kisha shemeji akachukua brashi yake nyembamba, akavunja pembe moja. Picha imerudi juu ya kabati.

Nikawaambia kwamba hayo yote nilikuwa nayafahamu. Mke wangu akaniambia nikae kimya kabla hajabadili mawazo kuhusu kunipa chakula.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesamehewa nusu. Nakula ndani, nalala nje.

Shemeji amesafiri. Ameacha ile picha ya ziwa sebuleni kwetu, arudi kuichukua wiki ijayo aipeleke mnada mwingine. Mke wangu amenionya nisiiguse. Sikuigusa. Nimeitazama tu, tangu alipotoka kwenda sokoni.

Picha nzuri sana. Maji mengi, ukungu, mbali kabisa mstari wa miti. Na ndiyo pekee iliyokosa mnunuzi. Watu wanashangaa kwa nini! Mimi sishangai.

Rangi ya bango la muuza samaki ilibaki nusu kopo. Nitamweka samaki mmoja tu, pembeni, juu ya maji ili aonekane. Na huyu nitajitahidi asitabasamu sana.