Kodiani Yangu na Shamisen ya Bibi Tsuya

Jumanne, 6 Februari
Mimi ndiye mpiga kodiani ya umeme bora kuliko wote Japani. Nimeanza leo asubuhi. Mimi na shule tuliachana kwa amani, lakini vidole hivi! Kodiani ina sauti chungu nzima tumboni: filimbi, tarumbeta, hata koto, lile zeze refu la kulazwa sakafuni. Mpango: Jumapili, ukumbi wa wakulima wa matufaha, nipige na Bibi Tsuya. Bila noti, kila mtu azue lake papo hapo. Shida ndogo: Bibi hajaigusa shamisen yake, gambusi la nyuzi tatu, tangu tumzike Babu Eizo. Inaning'inia ukutani kwenye mfuko wa hariri. Hata vumbi haufuti.

Jumatano, 7 Februari
Ujanja wa kwanza. Nimebonyeza kitufe cha sauti ya shamisen, nikapiga mlangoni pa jikoni. Bibi atakasirika, ataishusha ya kweli anionyeshe! Amekasirika. Ameshusha sufuria. Eti huyo ni mbuzi kakanyaga waya. Nikamuuliza inakosa nini. Akasema haipumui. Enzi zile akimpigia Babu, hakufuata sauti yake. Alifuata ile pumzi aliyoivuta Babu kabla ya kuimba. Kisha akamenya figili moja mpaka ikaisha.

Alhamisi, 8 Februari
Binamu Shungo amefika kutoka Sendai, na koto yake, na cheti chake. Anasema kodiani yangu itaifunika sauti ya Bibi, niiuze ninunue koleo la theluji. Nikamwambia koto yake ni ubao wa kuanikia samaki. Bibi ametugombeza wote wawili. Kisha, nimeona kwa macho yangu, akaufuta ule mfuko vumbi. Ushindi! Wangu, bila shaka.
Majirani wamelalamikia kelele. Nimenunua hedifoni. Sasa nafanya mazoezi bila wivu wa watu.

Jumapili, 11 Februari
Bibi amekuja! Na shamisen! Eti kaja kusikiliza tu, na hakutaka kuiacha peke yake nyumbani. Nikavaa hedifoni kama mafundi wa Tokyo. Nikaanza. Mama yangu! Ngurumo, dhoruba ya theluji, treni, vyote vimetoka kwenye vidole hivi. Kufumbua macho: Bibi anapiga! Shungo kaduwaa, kisha vidole vyake vikaingia taratibu kwenye koto. Wazee wa matufaha wanalia. Nikaongeza sauti.

Jumatatu, 12 Februari
Shungo ameniambia, akicheka mpaka kamasi: ukichomeka hedifoni, spika inanyamaza. Ukumbi mzima haukusikia noti yangu hata moja. Walisikia mvukuto wa kodiani tu, ukifunguka na kujifunga. Haaa... haaa. Pumzi. Bibi akainua kichwa, akafungua mfuko, akaifuata. Shungo alitaka kunishtua. Bibi akamtolea jicho aniache.
Nimemwambia ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.
Asubuhi Bibi ameniwekea kipande kile kikubwa cha samaki, kilichokuwa cha Babu. Amesema mjukuu wangu, umepiga vizuri. Nani wa kumbishia? Tayari nimeagiza hedifoni kubwa zaidi, zinazoziba masikio kabisa.
Shamisen imerudi ukutani. Mtaani wote wanasimulia Bibi alivyopiga, hata yule mama anayepanga viatu vya watu mlangoni pa ukumbi. Nimemuuliza mama huyo ilikuwaje. Akafuta macho kwa aproni.
Kitu kimoja tu kiliharibika, na hicho kiliharibika kweli. Mimi sikumsikia Bibi.