Gundi ya Nyuki Chini ya Kitanda

Jumatatu, 2 Juni 2025. Sibwesa.

Panya ndani ya mzinga wangu. Mfu. Nyuki wamempaka gundi yao mwili mzima, mpaka masharubu. Hanuki, hajaoza, macho yamefunguka. Shemeji yangu Apolinari, aliyekuwa ameshika ngazi, anasema ni kawaida. Mgeni mkubwa wanamuua, na kwa kuwa hawawezi kumburuta nje, wanampaka asiwaozee ndani.

Apolinari anajua nyuki, hajui biashara.

Nimekumbuka semina ya Mpanda. Afisa nyuki alisema gundi hiyo inaua bakteria, tena inapunguza kuchakaa kwa mwili. Aliongeza kwamba utafiti bado unaendelea, lakini chai ilikuwa imeshaletwa. Leo nimekwangua mizinga yote. Apolinari alinisihi niwaachie nyuki kidogo, ndiyo dawa yao. Nikamwambia wana afya kuliko yeye. Ndoo imejaa. Nimeisukuma chini ya kitanda.

Jumatano, 4 Juni.

Gulio. Nimechanganya gundi kidogo na mafuta ya alizeti, nikayaita Mafuta ya Ujana. Nimejipaka usoni na miguuni kama ushahidi. Panya nilimweka mezani ili wateja wajionee asivyozeeka. Mama mmoja alitutazama wote wawili, akauliza yupi kati yetu amekufa. Sijauza hata chupa. Apolinari, meza ya jirani, alimaliza asali yake mapema, akanipa pole. Pole yake siipendi.

Ijumaa, 6 Juni.

Nyuki ndani ya nyumba. Wengi, kimya, wanatembea ukutani. Hawaumi. Asubuhi mke wangu Vestina alikuta tundu la ufunguo limezibwa kwa gundi. Mchana ufa wa dirisha nao ukazibwa. Wanachota kwenye ndoo yangu. Wizi mtupu!

Vestina alitaka nirudishe gundi mizingani leo hii. Nikasema kesho. Akafunga nguo zake kwenye kitenge, akamshika mkono mwanetu Gideon, akaenda kwa kaka yake Apolinari. Akasema siku ndoo itakapotoka humu ndani, ndiyo siku atakayorudi.

Nampenda Vestina. Kesho nitarudisha nusu.

Jumapili, 8 Juni.

Sijarudisha. Mafuta yasiyouzika siwezi kuyamwaga, kwa hiyo najipaka asubuhi na jioni. Ngozi laini sana. Mizinga kule porini imebaki mitupu, nyuki wote wamehamia darini kwangu. Wanavuma kama watu wanaosali rozari chumba cha pili. Nyumba yangu ina chumba kimoja.

Apolinari alikuja baada ya misa. Alisimama mbali, kwenye mihogo, akauliza wameniuma mara ngapi. Nikajibu hata mara moja, wananijua. Alivua kofia, kama mtu aliyefika msibani.

"Nyuki humuuma wanayetaka aondoke, shemeji," akasema. "Toka humo."

Wivu. Nimejua siku nyingi.

Jumanne, 10 Juni.

Mlango haufunguki. Umezibwa pande zote, kazi safi. Hakuna upepo, hakuna mbu, mwanga unapita kidogo juu, wa rangi ya chai ya rangi. Vestina yuko nje na kaka yake. Anasema ndoo hataitaja tena, yeye ananitaka mimi tu.

"Baba Gideon, piga teke huo mlango."

Nikainua mguu, kweli kabisa. Kisha nikaitazama gundi yote ile, unene wa kidole, tayari kuvunjika na kuwa vumbi. Nikaushusha.

Nilipoketi kitandani nikaona nyuki kwenye mguu wa kushoto. Hawana haraka. Vidole havitengani tena. Hakuna maumivu, joto tu. Wengine wamefika gotini. Panya yuko mezani, ananitazama. Leo naona anatabasamu, au ni gundi imevuta mdomo.

Nimekwangua kidogo kwenye kifundo cha mguu, nikanusa. Laini, ya dhahabu, harufu safi. Ya mizingani haifiki hata nusu yake. Apolinari hajapata kuwa na mali ya namna hii maisha yake yote.

Nimemwita Vestina kupitia ukutani. Nimemwambia alete ndoo nyingine, ikiwezekana yenye mfuniko.