Kidole cha Wifi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya ustawi. Ruzuku za kaya zimefika. Mwisho wa kuchukua ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Asiyechukua atafutwa kwenye orodha. Kufutwa! Kama chaki!

Nikakaa palepale kwenye ngazi. Malipo haya yamecheleweshwa wiki tatu. Mara mtandao, mara karatasi zimeisha, mara karani kaenda likizo na ufunguo mfukoni. Na si yangu. Ni ya miwani ya kitindamimba wangu. Mwalimu amemsogeza mpaka dawati la kwanza, bado ubao haoni. Mtihani uliopita alinakili kwa mwenzake. Alinakili vizuri sana, mpaka jina la mwenzake.

Sasa niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Kidole kilichoandikishwa pale ofisini si changu. Ni cha wifi.

Siku ya kuandikishwa, gumba langu lilikuwa limefungwa kitambaa. Kisu cha vitunguu. Karani akasema nirudi likipona. Nimepanga foleni tangu alfajiri, nirudi! Wifi alikuwa amenisindikiza. Karani alipoinama kutafuta kalamu, wifi akabandika lake kwenye mashine ya alama za vidole. Mashine ikalia tii. Tukatoka tunapongezana.

Tangu hapo, mwaka wa pili huu, kila malipo tunakwenda wawili. Dirisha la karani ni dogo. Mimi nasimama mbele, wifi nyuma. Anapitisha mkono chini ya kwapa langu, mtandio unafunika mengine yote. Hatujawahi kukosea. Isipokuwa mara moja, nilipocheka kwa kutekenywa.

Shida ni kwamba wifi hasemi nami tangu Januari. Yeye ni fundi cherehani. Alinishonea gauni, mkono mmoja ukaishia kwenye kiwiko, wa pili ukapita kucha. Kila aliyeniuliza fundi ni nani nilimtajia jina na mtaa, ili ajiepushe. Nilidhani nawasaidia watu.

Baba watoto anasema niende nikamwombe dada yake radhi. Nimemwambia afadhali ninyooshe nguo kwa ulimi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda peke yangu. Nilifikiri labda mashine imeshanizoea sura.

Haijanizoea. Gumba la kulia, hapana. La kushoto, hapana. Karani akaniambia nipanguse. Nikapangusa. Nikajaribu vyote kumi. Ningevua viatu, lakini foleni nyuma yangu ilianza kuguna.

Karani akasema mashine inasema mimi si mimi. Nikamuuliza mashine imenijua lini. Mama yangu hakuhitaji mashine. Akanipa fomu ya malalamiko, majibu baada ya siku tisini. Siku tisini! Mtoto atakuwa anasoma kwa kupapasa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata akili! Si lazima wifi mwenyewe aje. Alama yake inatosha.

Nimelowesha kipande cha sabuni mpaka kikalainika kama unga uliokandwa. Nimemtuma kitindamimba kwa shangazi yake. Aseme ni kazi ya shule, somo la sayansi, kila mtoto alete gumba la ndugu kwenye sabuni. Nikamfundisha maneno mara nne. Nikamwambia asalimie kwanza kwa adabu.

Jioni

Amerudi analia. Sabuni safi, haina hata alama ya inzi.

Anasema shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni la bluu. Amemwamkia shikamoo mara tatu. Shangazi kimya. Akamsogezea sabuni, shangazi kimya. Akamshika mkono, hana mkono.

Nikaelewa. Ni ile sanamu ya kuvishia nguo. Haina mkono. Haina hata kichwa.

Nimemkumbatia mpaka akalala. Nimelia kidogo, kisha sabuni nimefulia, isipotee bure.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilikuwa naanika nguo, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Wifi! Kumbe jana alikuwa ndani, amekaa kwenye cherehani, akaona yote. Akatoka kumkimbilia mtoto, akakuta ameshafika kona.

Akasema, "Mtoto wa kaka yangu ameiamkia sanamu isiyo na kichwa mara tatu. Wewe mama yake unangoja nini kuniita?"

Nikamwambia nilikuwa nangoja yeye aniite. Akasema hata yeye. Tukaanika shuka pamoja.

Kidole atatoa. Ila ana sharti. Siku ya kwenda nivae lile gauni. Na yeyote kwenye foleni atakayeuliza nani kashona, nimtaje kwa sifa. Nimekubali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mtandao umekatika. Foleni imerudi nyumbani. Nimevaa gauni bure.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mtandao upo, karatasi hakuna. Gauni bure tena. Mama mmoja ameniuliza fundi. Nimesema ni fundi hodari sana, wifi akiwa amenikanyaga mguu. Yule mama akasema atampelekea kazi. Basi amejitakia.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo! Naandika kwa haraka, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Kila kitu kilipangika. Ule mkono mrefu wa gauni, ambao nimeutukana miezi miwili, ukafaa kuliko mtandio. Wangu niliuchomoa nikauficha chini ya mtandio, wifi akapitisha wake humo ndani, hata mimi nikasahau ni wa nani. Nikafika dirishani. Nikatabasamu.

Karani akanitazama. Ananikumbuka, mama wa vidole kumi. Gumba la kulia likatoka. Tii! Mashine imekubali! Lakini wifi alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kidole cha kati bado kimevaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano. Karani akakiona. Na mimi, kwa furaha, nikawa napangusa jasho kwa mkono wangu wa kulia.

Karani akasema taratibu, "Mama, weka mikono yako yote hapa mezani."

Nikaweka. Ilikuwa mitatu.

"Huu wa tatu ni wa nani?"

Nikamwambia, "Wa familia."

Tukapelekwa kwa msimamizi, mama mmoja mnene, mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Akasema huu ni udanganyifu, anaweza kunifuta leo hii. Nikasema kidole kimoja hakivunji chawa. Akasema hapa hatuvunji chawa, hapa tunalipa. Basi nikamwaga yote. Kisu cha vitunguu, sabuni, mtihani wenye jina la mtoto wa watu. Nilipofika kwenye sanamu isiyo na kichwa, wifi akaanza kulia, na karani akageukia ukutani.

Msimamizi akavuta mtoto wa meza. Akatoa fomu. Fomu ya kubadilisha kidole. Nusu ukurasa! Mwenye kidole cha zamani na mwenye kipya waje pamoja, basi. Dakika kumi. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikamjibu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Akanipa onyo kwa maandishi. Nimelikunja vizuri. Fedha nimechukua kwa gumba langu mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Miwani imefika usoni! Kitindamimba ametoka dukani ameshika kuta, anashangaa kumbe mti una majani mojamoja. Akamtazama baba yake, akasema baba amezeeka. Akanitazama mimi muda mrefu, machozi yakanijaa, nikajua atasema neno la kuweka moyoni.

Akasema mikono ya gauni langu hailingani.

Wifi alikuwepo. Nimetazama pembeni.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Wifi ameitwa kuandikishwa kwenye mpango wa msaada kwa mafundi wadogo. Ofisi nyingine, karani mwingine. Nimemsindikiza, maana wema haulipwi kwa maneno matupu.

Jana alijichoma gumba na sindano, likavimba kama nyanya. Karani akamwambia arudi Ijumaa likipungua. Siku tatu nzima, kwa sababu ya uvimbe! Nikamwangalia wifi, naye akaniangalia. Karani akainuka kufunga dirisha, vumbi lilikuwa linaingia.

Nikabandika langu. Mashine ikalia tii mara ya kwanza. Mashine ya pale ina adabu.

Wifi amenishukuru mpaka nikaona haya. Tumekubaliana kitu kimoja tu, tusigombane tena kabla ya malipo yake, mwezi wa tano. Tumeapa.

Njiani akasema miwani niliyomchagulia mtoto inamfanya afanane na bundi.

Nitamjibu kesho.