Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha mama mkwe kimevunjika mguu! Kile cheupe cha plastiki, zawadi yake ya harusi yetu, ambacho hakikalii mwingine ila yeye. Nilikipanda nimchungulie mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, ng'ambo ya ukuta. Alikuwa anapaka rangi kibao: FUNDI. Fundi wa nini, hasemi. Jumamosi mama mkwe anakuja kuamua nani kati yetu apewe chumba chake cha duka kiwe karakana. Maji yamenifika shingoni. Nimemwambia mke wangu kuunga mguu ni kazi ndogo. Amecheka mpaka akashika mlango.

Jumanne, 5 Machi
Gundi. Ile kali. Imeshika kidole. Imeshika meza. Imeshika kidole na meza. Mguu wenyewe umebanduka kama ganda la yai. Muuza vyombo kaniambia hii ni polipropilini, plastiki ya ndoo na vifuniko: hainyonyi maji, haiogopi chai ya moto, na gundi haiishiki. Nikamjibu hiyo plastiki hainijui mimi.

Jumatano, 6 Machi
Nimesoma. Kumbe plastiki hii inatokana na gesi ya viwanda vya mafuta! Wanaitia joto, mgandamizo na kichocheo, chembe zinashikana mikono kuwa mnyororo mrefu, kisha zinatoka punje nyeupe kama mchele. Basi kiti kipya si cha kununua, ni cha kupika! Gesi ipo jikoni. Sufuria ya presha ipo. Kichocheo nitatumia hamira.
Mke wangu ameuhamishia mtungi wa gesi kwa dada yake. Yaani kwa mwanyumba! Nimekunywa maji matupu badala ya chai, kwa uchungu.

Alhamisi, 7 Machi
Pasi! Plastiki hii ikipata moto inayeyuka, ikipoa inakuwa ngumu tena. Nimebonyeza kwa nguvu. Imeungana barabara, na pasi. Mwanyumba kachungulia ukutani akauliza kama sasa kiti kinajipiga pasi chenyewe. Mbwembwe tupu.

Ijumaa, 8 Machi
Mwanyumba amekuja bila kuitwa. Akaibandua pasi, akakata mfuniko wa ndoo kuukuu vipande vyembamba, akaviyeyushia kwenye ufa kwa chuma cha moto. Akasema plastiki hii inashikana na nduguye tu. Tumecheka sana kwa habari ya hamira. Nampenda, sikatai. Alipoondoka nikapaka gundi juu, kidogo tu.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe amekalia! Uzito wake wote, na heshima zake zote. Kiti hakikulia hata kidogo! Akauliza fundi ni nani. Mwanyumba akajibu ni sisi wawili. Mama akasema mkono mmoja hauchinji ng'ombe, akatupatia chumba sote wawili. Nimeruka mpaka nikagonga taa!
Muuza vyombo ana la kusema sasa? Gundi ilitaka muda tu ikauke. Nimeagiza katoni nzima.